Lenzi Pana Hufupisha Maji

Nina picha mbili za kasa mmoja. Zote nilizipiga katika hifadhi ya bahari ya Kisite, pwani ya Kwale nchini Kenya, asubuhi moja ya Februari, kwa kamera ile ile ndogo iliyokuwa ndani ya kasha lile lile la plastiki. Katika ya kwanza kasa yuko mbali nami kiasi cha mita tatu. Gamba lake limemezwa na buluu, jicho halionekani, na kati yangu naye kumetapakaa chembe nyeupe kama unga wa muhogo uliopeperushwa. Ya pili niliipiga dakika chache baadaye, nikiwa nimevalisha lenzi ya pembe pana mbele ya kasha. Kasa amejaa mbele, hudhurungi na manjano ya gamba lake yakionekana kila pande lake. Nyuma yake mwamba umeenea kulia na kushoto, na juu kabisa, kwenye uso wa maji, kuna kivuli cha mashua yetu.

Kasa alikuwa yule yule, jua lile lile na maji yale yale. Kilichobadilika ni urefu wa maji yaliyokuwa kati yetu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo uzito wote wa suala la lenzi hizi. Watu wengi huzinunua wakitarajia kuona upana zaidi, na kweli upana huongezeka. Lakini faida yake kubwa, hasa katika maji ya Kwale kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Vanga, ni kwamba zinakuruhusu kusogea karibu na bado ukapata kitu kizima ndani ya picha. Ukiushika ukweli huo, maswali mengine yote hujipanga nyuma yake: kamera ipi inafaa, msimu upi, kitu gani kipigwe nayo na kipi kisipigwe, na nani anastahili kuishika.

Dirisha bapa na hasara yake

Kasha la kamera ndogo kwa kawaida lina dirisha bapa mbele. Nuru inayotoka majini ikiingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha hupinda, kwa sababu mwendo wake hewani ni wa kasi zaidi kuliko majini, kwa uwiano wa karibu 1.33. Mvuvi wa pweza analijua jambo hili bila hesabu. Akivaa miwani na kuchungulia shimoni, humwona pweza ameongezeka ukubwa kwa kama thuluthi moja na amesogea karibu kwa kama robo. Mkono wake umekwisha kujifunza kusahihisha, na mkonzo unafika panapotakiwa. Kamera haina mkono wa aina hiyo.

Lenzi inayolingana na milimita 24, ambayo hewani huona digrii 84 kutoka pembe hadi pembe ya picha, ikikaa nyuma ya dirisha bapa hubakiwa na digrii 60 hivi. Ile ya milimita 28, inayoona digrii 75 hewani, hubakiwa na 54. Kwa maneno mengine, kamera uliyoiona pana ulipopiga picha ya harusi inakuwa finyu pindi inapozama. Tena kuna mpaka usiovukika: weka lenzi pana kiasi chochote nyuma ya kioo bapa, haitapata zaidi ya digrii 97 za maji. Na kabla hujaufikia mpaka huo, kingo za picha zimekwisha kutia ukungu na rangi zimeachana.

Chukua mfano wa papa shilingi, yule samaki mkubwa kuliko wote, ambaye wazee wa pwani husimulia kwamba madoa yake ni sarafu alizomwagiwa mgongoni kutoka mbinguni. Tuseme ana urefu wa mita 6. Ukiwa na lenzi ya milimita 24 nyuma ya dirisha bapa, itakubidi usimame karibu mita 6 kutoka kwake ndipo aingie mzima. Ukivalisha lenzi ya nje yenye digrii 100, mita 3 zinatosha. Yenye digrii 130 inakuleta mita 2. Kila mita unayoipunguza ni mita ya chembe, ya buluu na ya ukungu iliyoondoka katika picha. Na kama unatumia fleshi faida ni maradufu, kwa kuwa nuru hiyo husafiri majini mara mbili: kwenda kwa samaki, kisha kurudi kwenye kamera. Wekundu, ambao ndio rangi ya kwanza kufa majini, hufifia sana ndani ya mita tano tu za safari.

Tatizo hili ni la tangu mwanzo wa kazi yenyewe. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893. Katika miaka ya 1950 Mfaransa mwenzake, Alexandre Ivanoff, alibuni mpangilio wa vioo wa kusahihisha mpindo wa nuru kwenye dirisha bapa. Kamera ya Nikonos iliyotoka 1963 ilijengwa izame yenyewe bila kasha, na mwaka 1972 ikapata lenzi ya milimita 15 iliyotengenezwa kwa ajili ya kugusana na maji. Lenzi hiyo ilitoa picha zilizowashangaza watu wa wakati wake, lakini ukishazama nayo umefungamana nayo: kuifungua chini ya maji ni kuizamisha kamera.

Lenzi ya kuvalisha ya leo ilikuja kuondoa kifungo hicho. Haiingii ndani ya kasha. Inakaa nje, imefungwa kwa hesi au kwa kikamatio cha kuzungusha, na maji yanajaa kati yake na dirisha. Maji hayo ni sehemu ya hesabu ya mtengenezaji. Bila hayo lenzi haifanyi kazi yake. Uso wa mbele mara nyingi una umbo la kuba, ili nuru kutoka kila upande igonge kioo karibu wima, na nuru inayogonga wima haipindi. Lenzi ya UWL-H100 ya kampuni ya Inon ya Japani huona digrii 100, na ukiiongezea kuba yake hufika karibu 145. Ile ya WWL-1 ya Nauticam, iliyotoka 2015, huona digrii 130. Na zote unaweza kuzivua na kuzivaa tena ukiwa mita 15 chini.

Maji ya Kwale yana ratiba yake

Picha zinazotangaza lenzi hizi nyingi hupigwa mahali ambapo maji ni kama hewa. Kwetu maji ni mazuri, lakini yana kalenda yake, na asiyeijua atailaumu lenzi bure.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndicho kipindi cha bahari tulivu na maji safi. Kusi ikishika kuanzia Aprili au Mei, mawimbi huupiga mwamba wa nje wa Diani na mchanga hupanda. Masika nayo hushusha udongo wa bara kupitia mito: Mwachema karibu na Kongo ya Diani, Mkurumudzi unaoingia Gazi, Ramisi unaomwaga upande wa Funzi, na Umba upande wa Vanga. Maji ya mdomo wa mto wakati huo huwa rangi ya chai ya maziwa, na hakuna kioo kinachoweza kuisafisha.

Ndani ya msimu mzuri mna kalenda ya pili, ya mwezi. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na mkondo wa mlango wa Wasini huvuta kwa nguvu, ukibeba kila kilichoinuka chini. Siku za maji mafu mvuto hupungua na chembe hutulia. Ndani ya siku nayo kuna saa: maji yakijaa huleta bahari ya nje, safi, yakipwa huleta yaliyokaa nyasini na kwenye mikoko. Wavuvi na manahodha wa Shimoni huyapanga haya vichwani kabla hata hujawauliza. Mpiga picha anayepanga safari yake kwa nafasi ya hoteli, asiangalie mwezi, ametupa nusu ya thamani ya kifaa chake.

Hata hivyo, zingatia mkinzano mmoja wa bahari hii. Papa shilingi huja kufuata chakula chake, yaani viumbe vidogo vinavyoelea, na maji yenye viumbe hivyo kwa wingi hayawezi kuwa maangavu. Siku anayopatikana ndiyo siku maji yamejaa chembe. Ukisubiri maji ya kioo hutampata. Ukimpata, hutampata katika maji ya kioo. Hapo ndipo lenzi pana inapothibitisha kazi yake, na ndipo pia inapoleta majaribu, kama tutakavyoona.

Kuoanisha kamera na lenzi

Kosa la kawaida, na la ghali, ni kununua lenzi kwanza kisha kutafuta kamera ya kuivalia. Lenzi nyingi za aina hii zilipigiwa hesabu kwa kamera za milimita 28. Ukiivalisha kamera inayoanzia 24, pembe nne za picha huwa nyeusi kama unachungulia ndani ya bomba. Dawa yake ni kuvuta kidogo, hadi weusi uishe, na hapo utakuwa umerudisha sehemu ya upana ulioununua.

Jambo la pili ni umbali kati ya lenzi ya kamera na dirisha la kasha. Ukikua, weusi unaongezeka. Sony RX100 ya 2012 ilianzia milimita 28 na kuishia 100. Ile ya kizazi cha sita, ya 2018, inaanzia 24 na kuvuta hadi 200, kwa hiyo kasha lake linahitaji mdomo mrefu wa kumeza lenzi inapotoka. Ardhini ni kamera bora kuliko ya kwanza. Kwa lenzi pana ya kuvalisha ni mshirika mgumu. Kamera za TG za Olympus, ambazo sasa zinauzwa kwa jina la OM System, zina sensa ndogo zaidi na picha zake haziwezi kukuzwa kama za Sony. Lakini lenzi yake haitoki nje inapovuta. Kila kitu kinasogea ndani, kwa hiyo dirisha linakaa karibu na weusi ni mdogo. Zaidi ya hayo, kamera hiyo yenyewe inahimili mita 15 za maji bila kasha, hivyo kasha likivuja ukiwa juu ya mwamba wa mita 10, msiba hauwi msiba.

Jambo la tatu ni fleshi. Fleshi iliyojengwa ndani ya kamera haifai tena, kwa sababu lenzi kubwa iliyo mbele inatupa kivuli kwenye nusu ya picha. Unahitaji taa ya nje yenye mkono wake, inayoamrishwa kwa waya wa faiba, na hapo gharama inapanda. Ila kwetu kuna nafuu ambayo wauzaji hawaitaji. Sehemu kubwa ya Kisite, na maji ya ndani ya mwamba wa Diani hadi Galu, ni ya kina kifupi. Jua la saa nne asubuhi linafika chini likiwa na rangi zake. Anayeogelea kwa mrija juu ya mwamba wa mita tatu au nne, akaweka kipimo cha weupe cha kamera kwa mkono, anaweza kupata picha pana zenye rangi kamili bila taa yoyote.

Je, simu? Simu za siku hizi zina lenzi pana ya digrii 120, na makasha ya kuzamia yake yapo. Lakini hesabu ya dirisha bapa haibagui: digrii 120 hushuka hadi 80 hivi, na kingo zake huwa hafifu. GoPro iko katika hali hiyo hiyo, ingawa kwa video ni chombo chepesi, imara na cha bei nafuu. Kwa mtu anayetaka kumbukumbu ya safari, vifaa hivyo vinatosha na sioni sababu ya kumshawishi atumie zaidi. Lenzi ya kuvalisha ni ya mtu anayetaka picha iliyo kali hadi kwenye kingo, anayekubali kufunga tundu la lenzi hadi f/8 kwenye kamera ya inchi moja ili aipate, na mwenye haja ya kuivua katikati ya mbizi.

Chumvi, upepo na ndoo

Bei ya lenzi nzuri ni dola mia kadhaa za Marekani. Zile za daraja la juu hupita dola 1,000. Kwa aliye Ukunda au Msambweni huo ni mwanzo tu, kwa sababu mara nyingi huagizwa kutoka nje, na juu ya usafiri kuna ushuru na kodi ya VAT ya asilimia 16. Ikikwaruzika, hakuna fundi wa jirani wa kubadilisha kioo. Kwa hiyo utunzaji ni sehemu ya uchumi wake, na pwani yetu ina maadui wake mahususi.

Wa kwanza ni maji ya kusuuzia. Visima vingi vya ukanda wa Diani vina chumvi. Ukisuuza kifaa kwa maji ya kisima kama hicho ukadhani umekitoa chumvi, umekiongezea. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora, na lenzi ivuliwe kwanza, maana chumvi hujificha kwenye hesi, na hesi ya alumini ikishakauka na chumvi hushikana kama imechomelewa. Wa pili ni ndoo ya pamoja mashuani: kamera tano zikigongana kwa kila wimbi, kuba la kioo ndilo linaloumia. Wa tatu ni unyevu. Ukilifunga kasha ufukweni saa sita mchana, umefungia ndani hewa yenye mvuke. Ukizama, dirisha baridi linatoka jasho kwa ndani. Kasha lifungwe mapema, mahali pakavu na penye ubaridi, na ndani yake kuwe na kifuko cha kunyonya unyevu.

Adui wa nne nilifunzwa na nahodha wa Wasini, mzee ambaye hajawahi kumiliki kamera. Nilikuwa nimevalisha lenzi nikiwa mashuani, nikajitosa nayo. Kila picha ikawa na nusu duara ya ukungu upande wa juu. Nilirudi juu nikidhani kioo kimeharibika. Aliitazama lenzi akiwa ameinama ubavuni mwa mashua, akanionyesha kwa kidole tone la hewa lililonasa kati ya vioo viwili.

“Umeufungia upepo, mwanangu,” akasema. “Ilegeze chini kwa chini, uiinamishe, utoke wenyewe.”

Nilirudi chini, nikazungusha hesi nusu mzunguko, nikaelekeza mdomo wa lenzi chini na kuitikisa taratibu. Tone likapenya, likapanda juu kama lulu. Tangu siku hiyo sivalishi lenzi mashuani. Navalisha nikiwa ndani ya maji.

Kwa sababu hiyo hiyo ya maji yanayokaa kati ya vioo, lenzi hizi hazifai kwa picha ya nusu kwa nusu, ile inayoonyesha juu na chini ya maji kwa pamoja. Mikoko ya Gazi inaitamanisha picha hiyo, majani juani na mizizi majini. Lakini ukiitoa nusu ya lenzi nje, maji ya katikati humwagika na picha huharibika. Kazi hiyo inataka kuba lililofungwa kwenye kasha lenyewe, lenye hewa ndani.

Picha ya nini?

Swali hili ndilo linalopaswa kuamua matumizi, na jibu lake si moja.

Kwa mwamba mzima, kwa kundi la samaki, na kwa meli iliyozama, lenzi pana haina mbadala. Mbele ya Diani imelala meli ya uvuvi ya Alpha Funguo, iliyogeuka nyumba ya samaki kwenye kina cha zaidi ya mita 20. Kuipata ubavu wake wote kwa dirisha bapa ni kurudi nyuma hadi iwe kivuli tu. Kwa lenzi pana unakaa karibu na omo, na chuma kinaonekana chuma.

Kwa kumtambua kasa, lenzi hiyo iondolewe. Watafiti huwatofautisha kasa mmoja mmoja kwa mpangilio wa magamba ya shavuni, ambao ni kama alama za vidole. Kinachohitajika ni upande wa uso, wazi, usiopindishwa, tena bila kumsogelea sana. Dirisha bapa na kuvuta kidogo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa pomboo wa Kisite vilevile: hutambuliwa kwa makovu na mikato ya pezi la mgongo, na picha hizo hupigwa kutoka mashuani kwa lenzi ndefu. Anayejitosa katikati ya pomboo na lenzi pana kwa jina la utafiti hatarudi na picha inayomfaa mtafiti.

Papa shilingi yuko katikati. Hutambuliwa kwa mpangilio wa madoa nyuma ya matamvua, na programu iliyotangazwa 2005 kwa ajili ya kulinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanajimu za kulinganisha makundi ya nyota. Picha ya ubavu, iliyopigwa kwa usawa, inatosha, hata ikipigwa na mgeni mwenye kamera ndogo.

Kwa matumbawe, lenzi pana ina manufaa makubwa na tahadhari moja. Joto la bahari la 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Kenya. Shirika la CORDIO, lenye makao Mombasa, lilizaliwa mwaka uliofuata kutokana na msiba huo. Joto limerudi mara kadhaa tangu hapo, likiwemo la 2016 na la 2024. Leo kuna kazi ya kupandikiza matumbawe upande wa Wasini na Mkwiro, inayowashirikisha watafiti na vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU). Picha pana ya mahali pale pale, kila baada ya miezi mitatu, kutoka pembe ile ile, humwonyesha hata asiyesoma majedwali kama mwamba unarudi au unakufa. Tahadhari ni kwamba lenzi hizi hupindisha mistari ya kandoni, hivyo haziwezi kutumika kupimia ukubwa mpaka uweke rula katikati ya picha na kupima hapo katikati tu.

Ukaribu una madai yake

Sasa turudi kwenye mita mbili za papa shilingi. Huko Ningaloo, Australia, ambako utalii wa samaki huyu una kanuni za miaka mingi, mwogeleaji hatakiwi kumkaribia chini ya mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Lenzi ya digrii 130 inakuita usogee hadi 2. Yaani kifaa chenyewe, kwa namna kilivyojengwa, kinamshawishi mshikaji avuke mpaka wa adabu. Ni lazima mtu ajiamulie kabla ya kuingia majini kwamba atakubali samaki awe mdogo kidogo katika picha yake.

Kwa matumbawe hatari ni ya kimya zaidi. Utafiti uliofanyika Saint Lucia, Karibiani, na kuchapishwa 2004, ulikuta kwamba wapiga mbizi wenye kamera waligusa mwamba mara nyingi zaidi kuliko wasio nayo. Sababu inaeleweka. Jicho likiwa kwenye kioo, miguu inasahauliwa, na mapezi yanapiga nyuma. Mwenye lenzi pana husogea karibu zaidi, na kuba lake liko mbele ya kila kitu. Tawi la tumbawe linaloota kwa sentimita chache kwa mwaka huvunjika kwa teke moja.

Kisite ni hifadhi ambamo uvuvi umekatazwa kabisa. Kwenye eneo la Mpunguti uvuvi wa asili unaruhusiwa. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Shimoni, Mkwiro au Wasini ameacha sehemu ya bahari ya babu zake ili mwamba upone. Mgeni, au mimi, nikiuvunja mwamba huo kwa ajili ya picha, nimekula nilichomnyima mwingine. Neno hili silisemi kwa wepesi. Anayeshindwa kuelea bila kusogea, mikono ikiwa imekunjwa, bado hajafikia kuvalisha lenzi. Ajifunze kuelea kwanza, na lenzi itamsubiri.

Ishikwe na nani?

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mwenye kamera ni mtalii au mwandishi. Naamini thamani kubwa zaidi ya lenzi hizi katika pwani ya kusini bado haijachotwa, na itachotwa zikishikwa na watu ambao bahari ni yao: waongoza wazamiaji wa Diani, vijana wa BMU, kina mama wa Wasini wanaowapokea wageni kwenye bustani ya matumbawe, walinzi wa mayai ya kasa.

Gazi imekwisha kutuonyesha njia katika jambo jingine. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, ulisimama kwa sababu wanakijiji wa Gazi na Makongeni walikuwa na ushahidi uliopimwa wa mikoko yao. Fedha zake zimekwenda kwenye maji na shule. Bahari ya matumbawe nayo inahitaji ushahidi wa wenyewe. Picha nyingi za mwamba wetu husafiri na aliyezipiga hadi ughaibuni, na aliyebaki anaulizwa hali ya mwamba wake na watu wenye picha zake.

Si lazima kila mtu awe na lenzi. Uzuri wa kifaa cha kuvalisha ni kwamba kinahama: kamera mbili tatu za aina moja na lenzi moja ya hesi inayozitosha zote vinaweza kuhudumia kikundi kizima, mradi vichaguliwe kwa kuoana tangu mwanzo, viwe na mtunzaji mmoja anayejua maji ya kusuuzia, na picha ziwekwe mahali pamoja kwa tarehe na jina la mwamba. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine moja ya boti. Kama ningekuwa na sauti kwa wafadhili wanaoleta fulana na mabango, ningewaomba walete hiki.

Nilisema sikumsogelea kasa wa picha ya pili, au pengine sikulisema bado. Nilipokuwa chini nikihangaika kuutoa ule upepo, nilikuwa nimepiga magoti juu ya kipande cha mchanga, nimeinamia mikono yangu, sitazami kitu. Nilipoinua kichwa, kasa alikuwa amekuja mwenyewe, anakula nyasi hatua moja kutoka kwangu, hana habari nami. Nikageuza lenzi polepole, nikabonyeza mara moja. Alipomaliza kula akaondoka, nami nikabaki pale pale hadi mchanga ulipotulia.